Jeni Zilizoungana na Neno Lililopotosha: Historia Fupi ya Vichunguzi Ving'aavyo vya Saratani

Utangulizi

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona jarida la idara ya Kiswahili likizungumzia saratani na maabara. Hata mimi ningeshangaa, lau si jambo lililonipata ofisini kwangu hapa Kampala miaka michache iliyopita. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Bunia, alikuja akiwa na mjomba wake. Mzee huyo alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuja Kampala kutafuta matibabu. Mkononi alikuwa na karatasi ya maabara iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Karatasi ilikuwa na alama t(9;22), herufi BCR na ABL, na maelezo kwamba seli 200 zilikuwa zimehesabiwa. Daktari alikuwa amemweleza kupitia mkalimani, lakini maelezo hayakumkaa. Sasa alitaka mwalimu wa lugha amsomee.

Nilifanya kama tunavyofanya sote: nilitafuta maana ya maneno. Jeni, katika vitabu vyetu vingi vya shule, huelezwa kuwa ni chembe ya urithi. Kwa hiyo nikamwambia, "Mzee, chembe zako mbili za urithi zimeungana pasipotakiwa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, ni kusema hata batoto yangu iko na hii ugonjwa mu damu?" Nikajibu kwamba inawezekana.

Jibu hilo lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Wiki mbili baadaye mwanafunzi wangu aliniarifu kwamba mjomba wake amesimamisha mazungumzo ya posa ya binti yake mkubwa. Aliona si haki kuwapa watu wengine mke mwenye damu mbaya. Hapo ndipo nilipoamua kujifunza karatasi ile ilikuwa ikisema nini hasa.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kipimo kilichoandikwa katika karatasi hiyo, yaani vichunguzi ving'aavyo vinavyotumika kutambua jeni zilizoungana katika seli za saratani. Aidha, yanajaribu kuonyesha kwamba historia yenyewe ilikuwa imekwisha kujibu swali la mzee, ila neno moja la Kiswahili lilinizuia nisilione jibu hilo.

Kabla ya kuonekana: 1914 hadi 1956

Tuanze na msingi. Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili mna nyuzi ndefu za DNA zilizokunjwa katika vifungu viitwavyo kromosomu. Jeni ni sehemu za nyuzi hizo zenye maagizo ya kazi za seli. Seli inapogawanyika, kromosomu hujikunja zaidi na huweza kuonekana kwa hadubini.

Mwaka 1914 mwanabiolojia Mjerumani Theodor Boveri alichapisha kitabu akitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani huanzia katika seli moja ambayo kromosomu zake zimevurugika. Hoja yake ilitokana hasa na majaribio yake juu ya mayai ya urchini wa baharini, wale wadudu wenye miiba ambao wavuvi wa pwani yetu hujihadhari wasiwakanyage. Hakuweza kuithibitisha kwa binadamu, kwa sababu wakati huo kuhesabu kromosomu za binadamu kulikuwa kazi ngumu mno. Zilirundikana chini ya hadubini kama kuni zilizofungwa mzigo. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kwamba binadamu ana kromosomu 48, na wanafunzi wakakariri hivyo.

Kosa hilo lilisahihishwa na Joe Hin Tjio, mtaalamu aliyezaliwa Java, akifanya kazi pamoja na Albert Levan mjini Lund, Sweden. Mwishoni mwa mwaka 1955 Tjio alizitandaza kromosomu vizuri kuliko waliomtangulia, akahesabu 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956. Kuanzia hapo watafiti walikuwa na kipimo cha kulinganishia: seli yenye afya inaonekanaje, na seli ya mgonjwa inatofautianaje nayo.

Kromosomu iliyopewa jina la mji

Haikupita muda mrefu. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell alikuwa akikuza seli za damu za wagonjwa wa saratani ya damu. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alisuuza seli zake kwa maji ya bomba, nazo zikavimba na kromosomu zikatandazika. Kwa kuwa hakuwa mtaalamu wa kromosomu, alimtafuta David Hungerford, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini humo. Mwaka 1960 wawili hao walitangaza kwamba katika seli za wagonjwa wenye aina moja ya saratani ya damu, ile sugu inayovimbisha bandama na kujaza damu seli nyeupe kupita kiasi, kuna kromosomu moja ndogo isiyo ya kawaida. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia.

Hapa msomaji atue kidogo. Kromosomu hiyo ilipatikana katika seli za damu zilizougua. Katika seli za ngozi za wagonjwa walewale haikuwapo. Maana yake ni kwamba mgonjwa hakuzaliwa nayo. Kama angalizaliwa nayo ingekuwa katika mwili wake wote, kama rangi ya macho yake ilivyo katika macho yote mawili. Ilitokea ukubwani, katika seli moja ya uboho wa mifupa, kisha seli hiyo ikazaa nyingine zinazofanana nayo. Jibu la swali la mzee wa Bunia lilikuwa limepatikana zaidi ya nusu karne kabla hajaliuliza.

Lakini kromosomu hiyo ilikuwa ndogo kwa nini? Kwa miaka 12 wengi walidhani kipande chake kimepotea tu. Aliyetegua kitendawili hicho ni Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati huo mbinu mpya ilikuwa imegunduliwa mjini Stockholm na Torbjörn Caspersson, Lore Zech na wenzao. Walipaka kromosomu rangi ya kwinakrini, jamaa wa dawa iliyotumiwa na wanajeshi dhidi ya malaria katika Vita Kuu ya Pili, na chini ya mwanga wa urujuanimno kila kromosomu ikang'aa kwa mistari yake ya pekee, kama kila kanga ilivyo na pindo lake. Rowley alipiga picha za kromosomu za wagonjwa, akazikata kwa mkasi na kuzipanga mezani nyumbani kwake. Mwaka 1972 akaona kwamba kipande kilichokosekana katika kromosomu ya 22 kilikuwa kimehamia mwisho wa kromosomu ya 9. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1973. Hakukuwa na upotevu. Kulikuwa na kubadilishana. Alama t(9;22) katika karatasi ya mzee ni kumbukumbu ya uvumbuzi huo: herufi ya kwanza inasimamia uhamisho, na namba ni za kromosomu zilizobadilishana vipande.

Kati ya mwaka 1982 na 1985 watafiti wa Uholanzi, Marekani na kwingineko walitambua jeni zilizohusika. Jeni ya ABL hukaa katika kromosomu ya 9. Jina lake linatokana na Herbert Abelson, aliyechunguza kirusi kinachosababisha saratani ya damu katika panya. Uhamisho unapotokea, jeni hiyo huenda kubandikwa kwenye jeni ya BCR katika kromosomu ya 22, na mbili hizo zikawa jeni moja mpya. Jeni hiyo mpya hutengeneza protini inayoiamrisha seli kugawanyika bila kukoma, kama bomba lililovunjika koki.

Kilima cha Mulago

Kabla hatujafika kwenye vichunguzi vyenyewe, yafaa tukumbuke kwamba sehemu ya historia hii ilianzia kilima kilicho jirani na Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine mjini Jinja. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alikuta watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakitembelea hospitali moja baada ya nyingine ili kujua ugonjwa huo unapatikana wapi na unaishia wapi.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji wake, Anthony Epstein, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Kutokana na vipande hivyo, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, mume na mke kutoka Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waligundua kwamba katika seli za ugonjwa wa Burkitt kromosomu ya 14 ina mstari wa ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kuwa kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8. Kisha mwaka 1982 ikafahamika kwamba jeni iliyohamishwa inaitwa MYC, nayo ilikuwa imewekwa jirani na jeni zinazotengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizo hazipumziki.

Hapa kuna tofauti ambayo mwalimu wa lugha anapaswa kuizingatia. BCR na ABL huungana zikawa jeni moja yenye maagizo mapya. MYC haigeuki kuwa jeni nyingine. Imehamia tu kwa jirani mwenye kelele, na kelele hiyo ikaiamsha. La kwanza ni muungano, la pili ni uhamisho. Tukiyaita yote mawili muungano, tutakuwa tumempoteza msikilizaji.

Kutoka mionzi hadi mwanga

Hadi wakati huo watafiti waliweza kuona kromosomu zima na mistari yake, lakini hawakuweza kuelekeza kidole kwenye jeni moja. Vilevile walihitaji seli iliyo katikati ya kugawanyika, jambo ambalo lilidai kukuza seli za mgonjwa kwa siku kadhaa, na wakati mwingine seli hizo zilikataa kukua.

Njia ilifunguliwa mwaka 1969 na Joseph Gall na Mary-Lou Pardue wa Chuo Kikuu cha Yale, wakichunguza seli za vyura. Mwaka huohuo kundi jingine mjini Edinburgh lilifikia jambo hilohilo kwa njia yake. Wazo lao lilitegemea tabia ya DNA yenyewe. DNA ina nyuzi mbili zinazoshikana kwa mpangilio maalumu, kama meno ya zipu. Ukizipasha joto, huachana. Ukizipoza, kila uzi humtafuta mwenzake. Kwa hiyo ukitengeneza kipande cha uzi unaolingana na jeni unayoitafuta, ukakitia alama, kisha ukakiweka juu ya seli zilizotandazwa katika kioo, kitaenda kushikana na jeni hiyo na si penginepo. Kipande hicho chenye alama ndicho ninachokiita kichunguzi.

Tatizo lilikuwa alama. Gall na Pardue walitumia mionzi. Kioo kilipakwa dawa ya kupigia picha, kikafungiwa gizani kwa wiki au hata miezi, ndipo vitone vyeusi vikaonekana. Mgonjwa wa saratani hawezi kusubiri hivyo.

Mwaka 1980 J. G. J. Bauman na wenzake wa Leiden, Uholanzi, waliambatisha rangi ing'aayo moja kwa moja kwenye kichunguzi. Mwaka 1981 Pennina Langer, Alex Waldrop na David Ward wa Yale wakabuni njia ya kutia biotini katika DNA. Biotini ni vitamini, na katika ute wa yai mna protini iitwayo avidini inayoing'ang'ania bila kuiachia. Ukiipaka avidini rangi ing'aayo, itakwenda moja kwa moja mahali ilipo biotini, na mahali hapo patawaka. Kazi iliyokuwa ya wiki nyingi gizani ikawa ya siku moja au mbili.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, ambayo ilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya utafiti wa silaha za nyuklia. Huko walihitaji njia ya haraka ya kujua mionzi imevuruga kromosomu za mtu kiasi gani. Mwaka 1986 Daniel Pinkel, Tore Straume na Joe Gray walichapisha mbinu ya kupima mwangaza wa vichunguzi hivyo kwa usahihi mkubwa. Utafiti uliozaliwa kwa hofu ya mabomu ukageuka kuwa msaada kwa wagonjwa.

Mwaka 1990 Douglas Tkachuk na wenzake, wakiwamo Gray na Pinkel, walitangaza jambo lililokuwa likisubiriwa. Walitumia vichunguzi viwili kwa pamoja, kimoja cha BCR na kingine cha ABL, kila kimoja na rangi yake. Jeni hizo zilipokuwa zimeungana, rangi nyekundu na kijani zilikaa mahali pamoja, na jicho likaziona kama njano. La muhimu zaidi ni kwamba hawakuhitaji seli inayogawanyika. Seli iliyotulia ilitosha.

Kwa Kiingereza mbinu hii hufupishwa kwa herufi nne, FISH, zinazosomeka sawasawa na neno la samaki. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hawaisahau tena.

Jinsi mtaalamu anavyosoma mwanga

Seli yenye afya ina kromosomu mbili za namba 9 na mbili za namba 22. Kwa hiyo mtaalamu huona vitone viwili vyekundu na viwili vya kijani, vimetengana. Seli yenye muungano huonyesha vitone vya rangi mbili vikiwa vimegusana au vimegeuka njano. Vichunguzi vya baadaye viliundwa virefu zaidi, vikifunika pande zote mbili za mahali panapokatika, ili seli iliyougua ionyeshe vitone viwili vya njano badala ya kimoja.

Kwa nini viwili? Kwa sababu kiini cha seli ni kama mpira, na hadubini hukitazama kutoka juu. Kitone chekundu kilicho juu na cha kijani kilicho chini vinaweza kuonekana vimegusana kwa bahati tu. Ndiyo maana mtaalamu hatoi hukumu kwa seli moja. Huhesabu seli nyingi, mara nyingi 200, na kila maabara huwa na kiwango ambacho chini yake muungano unaoonekana huchukuliwa kuwa ni bahati. Namba 200 katika karatasi ya mzee ilikuwa ushahidi wa uangalifu.

Kuna aina nyingine ya vichunguzi inayofanya kazi kinyume. Rangi mbili huwekwa pande mbili za jeni moja. Jeni ikiwa nzima, rangi hukaa pamoja. Jeni ikikatika, rangi huachana. Aina hii hufaa pale ambapo jeni moja inaweza kuungana na wenzi mbalimbali, kwa kuwa mtaalamu hahitaji kumjua mwenzi. MYC katika ugonjwa wa Burkitt ni mfano mzuri, maana mara nyingi huhamia kromosomu ya 14, lakini wakati mwingine hubadilishana vipande na kromosomu ya 2 au ya 22.

Kutoka hadubini hadi kidonge

Faida ya haya yote kwa mgonjwa ilidhihirika mwaka 2001. Mwezi Mei mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha imatinibu, kidonge kilichotokana na kazi ya Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni iliyokuja kuwa Novartis, pamoja na daktari Brian Druker wa Oregon, aliyeanza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Dawa hiyo huziba mahali ambapo protini ya BCR na ABL hufanyia kazi yake. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi ndani ya miaka michache ukawa ugonjwa ambao wengi huishi nao kwa kumeza dawa kila siku.

Lakini dawa hiyo haikufaa kutolewa kwa kubahatisha. Mpango wa kimataifa wa kuwapa bure wagonjwa wasio na uwezo, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Novartis na shirika la Max Foundation, ulidai ushahidi kwamba mgonjwa ana kromosomu ya Philadelphia au muungano wa BCR na ABL. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohudumiwa. Kwa maneno mengine, bila kipimo hapakuwa na kidonge.

Mwaka 2007 kundi la Hiroyuki Mano nchini Japani lilitangaza muungano wa jeni za EML4 na ALK katika saratani ya mapafu, na mwaka 2011 dawa ya krizotinibu iliidhinishwa Marekani pamoja na kichunguzi king'aacho cha kuwatambua wagonjwa wanaoifaa. Siku hizi vipimo vingine vimeongezeka. Kipimo cha PCR huhesabu nakala za muungano katika damu, na mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu zimezizoea kwa kifua kikuu, zina kasha la kupimia BCR na ABL. Kusoma mpangilio wote wa DNA nako kunaendelea kuenea. Vichunguzi ving'aavyo vina upungufu wao, kwani huonyesha tu kile ulichokitafuta. Hata hivyo, vinabaki na sifa moja: mtaalamu huona kwa macho yake ni seli zipi zimeugua na zipi hazikuugua, zikiwa bega kwa bega katika kioo kimoja.

Suala la istilahi

Sasa nirudi kwenye kazi yetu. Maneno matatu yanahitaji kutazamwa upya.

La kwanza ni jeni kama chembe ya urithi. Maelezo haya yanafaa katika somo la rangi ya ng'ombe na urefu wa mihindi. Katika saratani yanapotosha, kwa sababu mabadiliko mengi ya jeni yanayosababisha saratani hutokea maishani na hayarithiwi. Zipo saratani zinazopita katika ukoo, lakini hii ya BCR na ABL si miongoni mwao. Ninapendekeza jeni ielezwe kwanza kama agizo la kazi katika seli, na habari ya urithi ifuate pale tu inapohusika.

La pili ni muungano. Katika masikio ya Waafrika Mashariki neno hili ni jema. Jirani zetu wa Tanzania huliadhimisha kila tarehe 26 Aprili. Mgonjwa akiambiwa jeni zake zina muungano anaweza kudhani amepewa pongezi. Nimeona yafaa kusema jeni zimeungana kimakosa, au zimebandikana, ili kasoro isikike.

La tatu ni kichunguzi. Wapo wanaopenda utohozi, wakisema probu. Wapo wanaopendelea chambo, kwa kuwa kinavuta mwenzake. Chambo ni neno tamu, ila limebeba hila, na mgonjwa hapaswi kuhisi kwamba anategwa. Kichunguzi kinasema kazi yake bila kuongeza chumvi. Hata hivyo, mwenye neno bora alilete. Kuuliza si ujinga.

Hitimisho

Nilipomaliza kujifunza hayo, nilimwomba mwanafunzi wangu amwite tena mjomba wake. Nilimwomba radhi kwanza. Kisha nikamwambia hivi: "Mzee, hukuzaliwa na hii. Ndani ya mfupa wako, seli moja ilikatika maagizo yake mawili ikayabandika vibaya. Hiyo moja ikazaa nyingine. Ziko katika damu yako tu. Hukuzipata kwa baba yako, na watoto wako hawatazipata kwako." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniambia niyaandike kwa Kiswahili katika karatasi, ili awasomee watu wa upande wa pili wa posa. Niliandika ukurasa mmoja, nikatia sahihi kama mwalimu wa lugha na si kama daktari, nikamwelekeza aende pia na swali lake kwa daktari wake, ambaye alithibitisha yote.

Posa iliendelea. Mzee naye alianza vidonge vyake.

Kuanzia Boveri mwaka 1914 hadi Tkachuk mwaka 1990 ni miaka 76 ya watu waliojitahidi kuona jambo dogo ndani ya seli moja. Kazi hiyo yote nusura ipotee kati ya meza ya maabara na kiti cha mgonjwa, kwa sababu ya neno moja lililozoeleka. Walimu wenzangu, ninawaomba mjaribu zoezi hili darasani: mpeni mwanafunzi alama t(9;22), mwambieni amweleze mzee asiyejua Kiingereza, na mkatazeni kutumia neno urithi. Mimi nimelifanya mara kadhaa na vikundi mbalimbali. Hata wanafunzi hodari huanza kwa kukwama, na hapo ndipo somo linapoanza.